Usinunue Mashine ya Kukata Nyasi Kabla ya Kusoma Stetimenti ya Simu Yako

Mvua ya masika ikishika, nyasi hazimngoji mtu. Leo umefyeka, wiki mbili baadaye ni kama hukugusa kitu. Huo pia ndio msimu ambao simu hujaa matangazo: mashine ya kukata nyasi, bei ya kutupa, lipa mdogo mdogo, tunakuletea hadi mlangoni. Ukiangalia ile picha unajiambia, si ninunue tu niachane na kulipa fundi kila mara?

Labda ununue. Labda usinunue. Tangazo halitakupa jibu, kwa sababu mwenye tangazo hajui una nyasi kiasi gani wala unatumia pesa ngapi kuzikata. Simu yako inajua. Katika makala haya tutakuonyesha jinsi ya kutumia rekodi zako za malipo kuamua kama mashine itakufaa, jinsi ya kuchagua inayolingana na kazi yako, na jinsi ya kuilipia bila kuachwa ukipiga simu ambayo haishikwi.

Anza na stetimenti

Kabla ya kwenda dukani, omba taarifa ya akaunti yako ya miezi 12 iliyopita. Wengi wetu huiita stetimenti. Unaweza kuiomba kupitia programu ya simu au menyu ya huduma, nayo hutumwa kwa barua pepe. Ikifika, tafuta jina la yule fundi au kijana anayekukatia nyasi, kisha ujumlishe kila ulichomtumia. Fanya hivyo kwa nyasi peke yake, na kwa fensi ya miti peke yake.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme una ploti ya futi 50 kwa 100 pale Kitengela. Ukiondoa nyumba, mahali pa gari na sehemu ya kuanika nguo, umebaki na kipande cha nyasi cha kawaida tu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, fundi huja mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni mara 12. Miezi sita iliyobaki huja mara moja kwa mwezi, mara sita. Jumla ni mara 18 kwa mwaka. Ukimlipa Sh 800 kila akija, umetumia Sh 14,400.

Sasa weka mashine upande wa pili. Tuseme mashine ndogo ya stima inauzwa Sh 9,000, waya mrefu wa kuvutia stima hadi mwisho wa ploti ni Sh 3,500, na miwani ya kazi pamoja na gambuti ni Sh 2,000. Umefika Sh 14,500 kabla hujakata hata jani moja. Uzi wa nailoni wa mwaka mzima, Sh 1,200. Mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi saa moja na nusu inakula yuniti moja na nusu. Mara 18, hiyo ni yuniti 27. Tukipiga hesabu ya Sh 30 kwa yuniti, ni Sh 810. Mwaka wa kwanza utakuwa umetumia Sh 16,510, yaani Sh 2,110 zaidi ya fundi.

Faida inaanza mwaka wa pili. Hapo gharama inashuka hadi kama Sh 2,010, na unabaki na zaidi ya Sh 12,000 mfukoni. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, mashine iwe bado inafanya kazi. La pili, wewe mwenyewe uwe tayari kutoa saa 27 kwa mwaka, mara nyingi Jumamosi asubuhi, jua likiwa kali.

Hizi bei ni za mfano. Weka bei za duka la kwenu na malipo ya fundi wako, halafu hesabu itasema yenyewe. Kama stetimenti inaonyesha ulitumia Sh 4,500 mwaka mzima, achana na mashine. Itakaa stoo ikipata kutu huku pesa yako ikiwa imelala.

Na kama huwa unatoa pesa kwa wakala na kumlipa fundi taslimu, stetimenti haitakuonyesha kitu. Kuanzia mwezi huu mlipe kwa simu. Mvua ijayo ikifika utakuwa na hesabu kamili.

Pima kazi kwanza, mashine baadaye

Wengi hununua mashine kubwa wakidhani kubwa ndiyo bora. Kumbe kila mashine ina kazi yake, na ukikosea hapo, hakuna bei nzuri itakayokuokoa.

Kwa nyasi za nyumbani, kuna aina tatu utakazokutana nazo dukani. Ya kwanza ni mashine ya uzi: nyepesi, ina fimbo ndefu na uzi wa nailoni unaozunguka chini. Inafaa kipande kidogo, kando ya ukuta, na kuzunguka maua. Ya pili ni mashine ya begani ya kufyeka. Hiyo huvaliwa kwa mkanda, nyingi zina injini ya petroli, na unaweza kutoa uzi ukaweka kisu cha chuma. Hii ndiyo ya kichaka, magugu marefu na ploti iliyokaa bila kujengwa. Ya tatu ni mashine ya kusukuma, yenye magurudumu na kisu kinachozunguka chini ya kifuniko. Inaacha nyasi zikiwa sawasawa kama zulia, lakini inataka uwanja ulio sawa, usio na mawe wala mashimo.

Angalia nyasi ulizo nazo pia. Kule nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Nakuru, watu wengi wana nyasi ya Kikuyu. Ni nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, inatambaa juu na chini ya ardhi, na inashonana sana. Ukiiacha ikawa ndefu halafu uilazimishe na mashine ndogo ya uzi, mota itapata moto na uzi utakatika kila dakika. Nyasi ya namna hiyo ni afadhali ikatwe mara kwa mara, kidogo kidogo. Kanuni ya watunza bustani ni rahisi: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa siku moja. Ukikata hadi chini kabisa, zinageuka rangi ya kahawia na jua linachoma udongo.

Fensi ya miti ni hesabu nyingine. Mashine ya kukatia fensi ina meno marefu yanayoteleza kama makasi mengi. Angalia unene wa tawi ambalo inaweza kukata, maana huandikwa kwa milimita kwenye kijitabu. Mashine ndogo za nyumbani hutosha kwa machipukizi ya saipresi au bogenvilea. Kayaba iliyoachwa miaka mitatu bila kukatwa ni habari nyingine: matawi yamekuwa mazito na miiba ni mirefu. Hapo hata mashine nzuri inakwama, na mkono unaoumia ni wako.

Kwenye mfano wetu, tuseme fensi hukatwa mara nne kwa mwaka kwa Sh 1,500. Ni Sh 6,000. Mashine ya Sh 12,000 itachukua miaka miwili kurudisha pesa yake, bila kuhesabu stima wala kunoa meno. Si vibaya kununua ya nyasi na kuendelea kumwita fundi kwa fensi.

Na msumeno wa mnyororo, ule tunaouita pawa soo? Kwa nyumba nyingi, ushauri wetu ni mfupi: usinunue. Mti wa kukatwa unatokea mara moja baada ya miaka kadhaa, na pawa soo ikimrukia mtu asiyeizoea inaweza kumwacha kilema. Mlipe anayejua kazi.

Petroli, waya au betri?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji atakuuliza kwanza. Usijibu haraka.

Mashine ya petroli ina nguvu na haikufungi kwenye soketi. Lakini mashine nyingi za begani hutumia injini ya mipigo miwili, ambayo inataka petroli iliyochanganywa na oili yake maalum. Kipimo huandikwa kwenye kijitabu. Kama ni 25 kwa 1, lita moja ya petroli inachanganywa na mililita 40 za oili. Kama ni 50 kwa 1, ni mililita 20. Ukiweka petroli tupu, injini inakauka ndani na kufa, na hakuna muuzaji atakayekubali hiyo kuwa ni waranti. Injini ya mipigo minne haitaki mchanganyiko, ina mahali pake pa oili. Muulize muuzaji hii ni ya mipigo mingapi. Akisita, nenda duka lingine.

Kumbuka pia kwamba bei ya petroli si yako kupanga. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo hesabu ya Januari si lazima iwe ya Juni. Tena kuna kelele. Chini ya kanuni za kelele za mwaka 2009, usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na viwango vinavyoruhusiwa wakati huo ni vya chini zaidi. Majirani nao wana kanuni zao za Jumapili asubuhi.

Mashine ya stima ya waya ni rahisi kutunza na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Kujua inakula kiasi gani ni rahisi: chukua wati zilizoandikwa, gawa kwa 1,000, zidisha kwa saa utakazotumia. Hizo ndizo yuniti. Kisha fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni, ugawe pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata. Utajua bei ya yuniti moja nyumbani kwako, kodi zote zikiwa ndani.

Udhaifu wake ni waya wenyewe. Usitumie ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Tafuta waya mzito uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, na uukunjue wote kabla ya kuwasha, kwa sababu waya ukiwa umeviringishwa unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Nyasi zikiwa na maji, ngoja zikauke. Na kama nyumba yako haina ile swichi inayokata stima yenyewe ikivuja, muite fundi wa stima kwanza. Hiyo swichi ni muhimu kuliko mashine.

Mashine ya betri haina waya wala harufu ya petroli, na kelele yake ni kidogo. Ni nzuri sana kwa kipande kidogo. Hapa watu huumia kwa sababu ya kutosoma stika, kwa hiyo tuingie huko.

Namba kwenye stika zisikuchanganye

Betri nyingi za mashine za mkono zina seli tano zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kila seli ni volti 3.6 ikiwa kazini, na hufika volti 4.2 ikiwa imejaa kabisa. Piga hesabu: tano mara 3.6 ni 18. Tano mara 4.2 ni 21. Ndiyo maana utaona duka moja linauza volti 18, la pili volti 20, la tatu volti 21, kumbe betri ni ya aina moja. Usiongeze hata shilingi moja kwa sababu ya tofauti hiyo.

Kuna stika nyingine kubwa zaidi: 48VF, 88VF, 128VF. Ukiona hiyo herufi ya pili, shtuka. Mara nyingi hilo ni jina tu la kuuzia, na betri ya ndani ni ile ile ya seli tano. Geuza betri, tafuta maandishi madogo. Kama nyuma imeandikwa 21V, hiyo ndiyo volti yake.

Namba ya maana zaidi ni ile ya Ah. Zidisha volti kwa Ah upate nguvu iliyohifadhiwa. Volti 18 mara 4Ah ni 72. Kama mashine inavuta wati 300, gawa 72 kwa 300. Utapata 0.24 ya saa, yaani kama dakika 14. Ploti yako inachukua saa nzima? Basi unahitaji betri nne, au muda mrefu wa kunywa chai ukingoja chaji. Ndiyo maana lazima uulize bei ya betri ya ziada kabla ya kununua mashine yenyewe. Betri ikifa baada ya miaka michache na hakuna nyingine inayoingia, mashine nzima imekuwa pambo.

Usichukue neno la mtu. Zungumza hivi, kwa heshima lakini bila haya:

"Boss, hebu toa betri tuone nyuma."

"Madam, hii ni 88 kabisa, hata nyumbani ninayo."

"Sawa, lakini hapa imeandikwa 21. Betri ya pili unauza ngapi?"

Ukiuliza swali hilo la mwisho, bei ya mashine mara nyingi hushuka yenyewe.

Kuhusu ubora, bidhaa za humu nchini zilizoidhinishwa na KEBS huwa na alama na nambari ya kibali. Tuma neno SM, alama ya #, kisha nambari hiyo kwenda 20023, na utajibiwa kibali hicho ni cha bidhaa gani na ya nani. Inachukua dakika moja.

Mitumba na zile za "ex-UK"

Mashine zilizotumika zinaweza kuwa nzuri, na wengi wamepata bahati. Lakini kuna mtego unaojirudia. Stima yetu Kenya ni volti 240. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani inaungua hapo hapo.

"Ex-UK" huonekana salama kwa sababu Uingereza wana stima karibu sawa na yetu na plagi ile ile ya miguu mitatu. Ni kweli kwa mashine za nyumbani. Mashine za maeneo ya ujenzi kule Uingereza ni tofauti: nyingi ni za volti 110 na huwa na plagi ya mviringo ya rangi ya manjano. Hiyo inahitaji transfoma, kifaa kizito na cha gharama. Na ukikuta mtu ameshakata ile plagi ya manjano akaweka ya kawaida, usisogee. Soma bamba la mashine, utafute volti, na usipoliona bamba usilipe.

Kulipa bila kulia

Sasa umepata mashine inayokufaa. Hapa ndipo sisi huona machozi mengi zaidi, kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Moja, iwashe kabla ya kulipa. Mashine ya petroli iwashwe ikiwa baridi, izimwe, kisha iwashwe tena. Ya stima iachwe izunguke dakika mbili tatu huku ukisikiliza na kunusa. Kama imeletwa nyumbani, fungua boksi mbele ya aliyeileta.

Mbili, lipa kwa Till au Paybill ya duka. Usitume kwa nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kuweka PIN, jina la biashara litatokea. Lisome. Kama duka linaitwa jina moja na Till inaleta jina lingine kabisa, simama uulize. "Tuma tu kwa hii ya kwangu, Till iko na shida leo" ni sentensi ya kukufanya urudishe simu mfukoni.

Tatu, usitume pesa ya kushika bidhaa ambayo hujaiona. Mchezo ni ule ule: picha nzuri, bei nusu ya soko, halafu "tuma Sh 1,000 ya usafiri, iliyobaki utalipa ikifika." Ukituma, wanaongeza: ada ya bima, ada ya ghala, ada ya sijui nini. Kila mara ni kidogo, na kila mara ni "ya mwisho". Bidhaa haifiki kamwe.

Nne, omba risiti yenye jina la mashine, nambari yake na muda wa waranti. Weka ile risiti pamoja na ujumbe wa malipo. Usifute ujumbe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kukudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, lakini ukienda kulalamika bila ushahidi, ni neno lako dhidi ya lake.

Tano, elewa maana ya kurudishiwa pesa. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya malipo yaliyoenda mahali pasipo sahihi. Ukikosea nambari, anza ombi dakika hiyo hiyo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha. Ukituma mwenyewe kwa tapeli kwa hiari yako, hilo linageuka kuwa jambo la polisi. Ripoti kwao, na uripoti kwetu pia ili nambari hiyo ichunguzwe.

Na kama unauza mashine yako ya zamani, usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, au umepokea ujumbe unaofanana na wetu. Angalia salio lako mwenyewe. Salio ndilo linalosema kama pesa imeingia.

Mdogo mdogo, akiba au chama?

Kulipa mdogo mdogo husaidia, mradi ujue jumla. Tuseme mashine ya Sh 14,500 inauzwa kwa kianzio cha Sh 3,000 na Sh 100 kila siku kwa siku 180. Sh 100 inasikika kama nauli tu. Lakini 180 mara 100 ni 18,000, na ukiongeza kianzio ni Sh 21,000. Umelipa Sh 6,500 zaidi. Kama mashine itakuingizia pesa kila siku, pengine ni sawa. Kama ni ya kukata nyasi zako mwenyewe mara 18 kwa mwaka, ile faida yote tuliyopiga hesabu mwanzoni imepungua sana.

Akopaye ili anunue mashine ya nyumbani kwa mkopo wa simu wa siku 30 anajitafutia shida zaidi. Mkopo unaisha mwezi huu, faida inaanza mwaka ujao. Hizo tarehe mbili hazikutani.

Njia ya taratibu ni akiba iliyofungwa. Anza mwanzoni mwa Oktoba na Sh 500 kila wiki. Baada ya wiki 26 utakuwa na Sh 13,000, na utakuwa umefika mwisho wa Machi, nyasi zikianza kupanda.

Kama mko majirani kadhaa, fikirieni kununua moja. Nyumba tano zikitoa Sh 4,000 kila moja ni Sh 20,000, na hapo mnapata mashine imara zaidi ya ile ambayo kila mmoja angenunua peke yake. Pesa zikusanywe kwenye akaunti ya kikundi ambayo wote wanaona, zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Kubaliana mapema na kwa maandishi: nani anaihifadhi, nani ananunua petroli, na ikiharibika mkononi mwa mmoja, nani analipa. Urafiki mwingi wa mtaa umevunjwa na kitu kidogo kama kabureta.

Na yule fundi wako?

Kuna mtu mmoja hatujamtaja vizuri. Ule mstari kwenye stetimenti yako, Sh 800 mara 18, ni karo ya mtoto wa mtu, ni unga wa mtu. Hatusemi usinunue mashine kwa ajili yake. Pesa ni zako. Lakini kabla hujaamua, zungumza naye. Pengine anakata kwa slasha na anachukua siku nzima, na angekuwa na mashine angekata ploti nne kwa siku hiyo moja.

Tunajua wateja ambao wamepanga hivi: mwenye nyumba ananunua mashine ya begani, fundi anaitumia mtaani, na kila wiki anatuma kiasi walichokubaliana mpaka bei iishe. Nyasi za mwenye nyumba hukatwa bila malipo wakati huo wote. Kwa kuwa kila malipo yanapitia simu, hakuna anayemwambia mwenzake "nilikupa" au "hukunipa". Deni likiisha, mashine ni ya fundi. Mpango kama huu unataka mtu unayemwamini na karatasi iliyotiwa sahihi na wote wawili, lakini hesabu yake mara nyingi ni nzuri kuliko ya mashine inayolala stoo wiki mbili kati ya kila siku moja ya kazi.

Yeyote atakayeshika hiyo mashine, awe na miwani ya kazi, gambuti na vizibo vya masikio. Mashine ya begani hurusha mawe kwa kasi sana, na vijitabu vingi vinataka watu wengine wakae mita 15 mbali. Watoto waingie ndani, mbwa afungwe. Weka gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu jicho halina spea.

Kwa ufupi, kabla ya kuweka PIN hakikisha una majibu ya haya:

Nilitumia pesa ngapi kukata nyasi miezi 12 iliyopita?
Nyasi zangu ni za aina gani, na ploti inachukua saa ngapi?
Jumla ya mwaka wa kwanza, pamoja na waya, uzi, petroli au tokeni na vifaa vya kujikinga, ni ngapi?
Betri ya pili au spea inapatikana wapi, na kwa bei gani?
Nimeiwasha na nimeisikia ikifanya kazi?
Jina lililotokea kwenye Till ndilo lililo kwenye risiti?

Ukikosa jibu moja, ngoja kwanza. Matangazo hayaishi, na nyasi zitakuwepo hata wiki ijayo. Stetimenti unaweza kuiomba leo jioni.